Bakteria wa vidonda vya tumbo: anaishi kinywani au anapita tu?

Mtu akipokea majibu ya maabara yanayosema ana H. pylori, maswali yake ya kwanza mara nyingi hayahusu tumbo. Vikombe vitenganishwe? Mswaki utupwe? Ni busu lililomleta? Na ile harufu ya kinywa isiyoisha hata baada ya kupiga mswaki, ndiye yeye? Akiingia mtandaoni anamkuta mmoja anauza dawa ya kusukutua inayodaiwa kuua bakteria wa tumbo, na mwingine anaapa kwamba dawa za vidonda hazifanyi kazi mpaka meno yote mabovu yang'olewe. Madai ya namna hii yana chembe ya ukweli ndani yake, na chembe hiyo ndiyo inayoyafanya yaaminike. Tuanze na yaliyo wazi, kisha tufike kwenye lile ambalo hata wataalamu bado wanabishania.

Tunamzungumzia nani?

H. pylori ni kifupi cha Helicobacter pylori, bakteria mdogo aliyejisokota, mwenye mikia kadhaa inayomwezesha kuogelea. Makazi yake ni ute unaofunika ukuta wa ndani wa tumbo. Ninaposema tumbo hapa namaanisha mfuko wa chakula, kiungo kinachopokea chakula kutoka kwenye umio, na siyo eneo lote lililo chini ya mbavu.

Kuna mambo matatu ambayo kwenye mazungumzo huchanganywa kana kwamba ni kitu kimoja. La kwanza ni maambukizi, yaani bakteria yupo. La pili ni gastraitisi: ukuta wa tumbo umevimba na kuwaka kwa sababu mwili unapambana naye. La tatu ni kidonda chenyewe, shimo lililochimbika kwenye ukuta wa tumbo au kwenye sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba. Karibu kila aliyeambukizwa huwa na kiwango fulani cha gastraitisi ikitazamwa kwa hadubini, lakini wengi wao hawahisi chochote maisha yao yote. Wanaopata vidonda ni takriban mtu 1 hadi 2 kati ya kila 10 walioambukizwa. Wanaopata saratani ya tumbo ni wachache zaidi, kati ya 1 na 3 kwa kila 100. Makadirio ya muda mrefu yamesema karibu nusu ya watu duniani wanambeba, ingawa idadi hiyo imekuwa ikishuka. Kwa hiyo majibu ya "chanya" hayamaanishi "una vidonda", na maumivu ya tumbo hayamaanishi "una H. pylori". Dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huchimba vidonda bila msaada wa bakteria yeyote.

Hapo kwenye saratani pana jambo linalowatisha watu isivyo lazima. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilimweka H. pylori katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Kundi hilo linaeleza uzito wa ushahidi kwamba kitu kinaweza kusababisha saratani. Halielezi ukubwa wa hatari kwa mtu mmoja mmoja.

Anavyohimili tindikali

Tumboni mna tindikali kali inayoua bakteria wengi wanaomezwa na chakula. H. pylori anapona kwa sababu anatengeneza kimeng'enya kiitwacho urease. Kimeng'enya hicho kinaivunja urea, kemikali iliyomo mwilini kwa kawaida, na kutoa amonia na hewa ya kaboni dioksidi. Amonia inapunguza makali ya tindikali iliyomzunguka, naye anapata nafasi ya kuogelea hadi ndani ya ute, karibu na ukuta, ambako tindikali haimfikii sawasawa. Jina hilo la urease tulikumbuke. Ndilo msingi wa vipimo kadhaa, na ndilo linalofanya kinywa kiingie kwenye hadithi hii kwa mlango wa nyuma.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini hakuna bakteria anayeweza kuishi mahali pa namna hiyo, na vidonda vilihusishwa na mawazo, vyakula vikali na tindikali kuzidi. Waliobadilisha mtazamo huo walikuwa Robin Warren, mtaalamu wa patholojia, na daktari kijana Barry Marshall, katika mji wa Perth nchini Australia. Warren alianza kuwaona bakteria hao kwenye vipande vya nyama ya tumbo mwaka 1979. Mwaka 1982 walifanikiwa kuwaotesha maabara, tena kwa bahati: sahani za vimelea ziliachwa kwenye kitotoleshi muda mrefu kuliko kawaida kwa sababu ya mapumziko ya Pasaka, na bakteria huyu anakua polepole. Wenzao wengi hawakushawishika. Mwaka 1984 Marshall akachukua uamuzi ambao leo hakuna kamati ya maadili ingeuruhusu: alikunywa mchuzi wenye bakteria hao. Siku chache baadaye alianza kusikia kichefuchefu na kutapika, na watu wake wa karibu wakagundua kwamba pumzi yake inanuka. Picha za ndani zilionyesha tumbo lililokuwa zima sasa limevimba. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Harufu ile ya Marshall hutajwa sana na wanaotaka kuthibitisha kwamba H. pylori ndiye chanzo cha kinywa kunuka. Wanasahau kwamba yale yalikuwa maambukizi mapya ya ghafla, yenye kutapika. Mtu aliyembeba bakteria huyu tangu utotoni, kama walivyo wengi, yuko katika hali tofauti kabisa.

Kinywa kama njia

Kwamba bakteria anaingia kupitia kinywani, hilo halina ubishi. Swali ni anatoka wapi kabla ya hapo. Maambukizi mengi hutokea utotoni, nyumbani, kutoka kwa mtu wa familia, mara nyingi mama au ndugu aliyembeba tayari. Njia zinazotajwa ni matapishi, kinyesi kinachofika kinywani kupitia mikono au maji machafu, na mate.

Njia hizo hazina uzito sawa. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio lisilopendeza kulisoma wakati wa kula. Waliwachukua watu wazima wenye afya waliokuwa na H. pylori, wakawapa dawa ya kutapisha na dawa ya kuharisha, kisha wakajaribu kumwotesha bakteria kutoka kwenye kila kilichotoka. Kwenye matapishi alipatikana akiwa hai kwa kila mshiriki. Kwenye mate yaliyochukuliwa kabla ya kutapika alipatikana kwa wachache tu, lakini baada ya kutapika idadi hiyo iliongezeka sana. Ukiniuliza, matokeo hayo yanaeleza uhusiano wa tumbo na kinywa vizuri kuliko mjadala wowote uliofuata: bakteria anapanda kutoka tumboni, kwa kutapika au kwa kucheua, na anabaki kinywani kwa muda. Mtoto mchanga anayelishwa chakula kilichotafunwa kwanza na mtu mzima anaweza kumpata wakati huo. Ndiyo maana pia nyumba yenye mgonjwa anayetapika inahitaji usafi wa mikono kuliko inavyohitaji kutenga vikombe.

Lakini anakaa humo?

Hapa ndipo wataalamu wanapotofautiana. Tangu mwaka 1989 zimekuwepo ripoti za watafiti waliofanikiwa kumwotesha H. pylori kutoka kwenye utando wa meno, yaani ule utelezi wa bakteria unaojijenga juu ya meno na, ukiachwa, unagandamana kuwa ugaga. Baadaye vikaja vipimo vya vinasaba, vinavyotafuta chembe za urithi za bakteria bila haja ya kumwotesha. Vipimo hivyo vimemkuta kwenye mate, kwenye ulimi, na kwenye mifuko inayojitokeza kati ya jino na fizi iliyougua. Wengine wakahitimisha kwamba kinywa ni ghala lake la pili: dawa zinasafisha tumbo, yeye amejificha chini ya fizi, kisha anashuka tena.

Tatizo ni kile ambacho vipimo vya vinasaba vinaweza kusema. Unyayo kwenye vumbi la mlangoni unakuambia kuna mtu alifika, lakini haukuambii kama amepanga chumba ndani, kama alibisha hodi akaondoka, au kama bado yu hai. Vivyo hivyo, chembe za urithi zinaweza kutoka kwa bakteria aliyekufa, au kwa aliyepandishwa na kiungulia usiku wa jana. Baadhi ya vipimo vya awali viliweza hata kudanganywa na unyayo wa mtu mwingine, kwa maana ya bakteria wengine wa kinywani wenye vinasaba vinavyokaribiana. Hiyo ni sababu moja ya tafiti kutofautiana mno: nyingine humkuta kwa watu wengi, nyingine hazimkuti kabisa.

Ukitazama mazingira yenyewe, kinywa si mahali anapopapenda. H. pylori anahitaji oksijeni kidogo tu. Sehemu kubwa ya kinywa ina hewa nyingi kuliko anavyoweza kustahimili, na humo tayari wameshajaa bakteria wa aina mamia waliozoea kugombania nafasi. Upande wa pili, mifuko ya fizi iliyougua ina oksijeni kidogo, na ndani ya utando mnene bakteria yeyote hulindwa dhidi ya dawa. Pia H. pylori akibanwa hubadili umbo akawa wa duara, hali ambayo anaonekana yu hai lakini haoteshwi maabara. Kwa hiyo kushindwa kumwotesha hakuthibitishi kwamba hayupo. Msimamo ninaouona unaendana na ushahidi ni huu: tumbo ndilo makazi yake, kinywa ni njia, na kwa baadhi ya watu, hasa wenye fizi zilizougua, njia hiyo inaweza kumpa hifadhi. Ni muda gani anahifadhiwa humo na kama anatosha kurudisha ugonjwa tumboni, hapo bado hakuna jibu la uhakika.

Je, kutibu fizi kunasaidia dawa za tumbo? Majaribio machache yamelipima swali hili kwa kuwalinganisha wagonjwa waliopewa dawa peke yake na wale waliopewa dawa pamoja na kusafishwa kitaalamu ugaga na mifuko ya fizi. Yalipojumlishwa, waliosafishwa fizi walipona maambukizi ya tumbo kwa wingi zaidi. Ni matokeo ya kutia moyo, ila majaribio yenyewe yalikuwa madogo. Kwangu hayabadilishi ushauri: fizi zinazotoka damu zinastahili kutibiwa kwa sababu ni ugonjwa, na zikilisaidia tumbo njiani, heri. Kung'oa meno mazima, au hata mabovu yanayoweza kuzibwa, kwa ajili ya H. pylori hakuna msingi wowote.

Kinywa kinavyoweza kudanganya kipimo

Nilisema jina la urease litarudi. Kipimo cha pumzi, kimojawapo cha vipimo bora vya H. pylori, kinafanya kazi hivi: unakunywa urea iliyotiwa alama kwa aina maalumu ya kaboni. Kama bakteria yupo tumboni, urease yake inaivunja, kaboni dioksidi yenye alama inaingia kwenye damu, inafika mapafuni, na unaipuliza kwenye mfuko au chupa.

Sasa, H. pylori si bakteria pekee anayetengeneza urease. Wakazi halali wa kinywa, kama Streptococcus salivarius, nao wanayo. Urea ikipita kinywani wanaanza kuivunja papo hapo, na pumzi ya dakika za mwanzo inaweza kuonyesha alama hata kwa mtu asiye na H. pylori. Ndiyo maana utaambiwa usile kabla ya kipimo, pengine usukutue, usubiri ndipo upulize, au umeze urea ikiwa ndani ya kidonge. Maelekezo haya yanayoonekana ya kuchosha yana kazi hiyo moja: kuizima sauti ya kinywa ili ya tumbo isikike. Kwa sababu hiyohiyo, kuchukua utando wa meno na kuupima urease kisha kutangaza "H. pylori amepatikana mdomoni" ni kosa. Karibu kila kinywa kitaonyesha urease.

Harufu mbaya ya kinywa

Hapa niseme bila kuzunguka: katika visa vingi, takriban 8 hadi 9 kati ya 10, harufu inatoka kinywani kwenyewe. Bakteria wasiopenda oksijeni, walio nyuma ya ulimi na chini ya fizi, wanavunja mabaki ya protini na kutoa gesi zenye salfa. Umio kwa kawaida huwa umejifunga, na hewa unayotoa inatoka mapafuni, wala si tumboni. Anayeanza na daktari wa meno anaokoa muda.

Mbona basi wapo watu ambao harufu yao ilipungua baada ya kutibiwa H. pylori? Huenda kwa wengine tumbo lilichangia, maana H. pylori maabara huweza kutoa baadhi ya gesi hizo. Lakini angalia dawa walizopewa. Metronidazo, inayotumika katika tiba nyingi za H. pylori, inawaua vizuri sana bakteria walewale wanaotoa harufu kinywani. Dawa imemezwa kwa ajili ya tumbo, ikasafisha kinywa kwa muda, na sifa ikapewa tumbo. Wiki kadhaa baadaye utando wa ulimi unajijenga upya na harufu inarudi, kisha mtu anadhani maambukizi yamerudi.

Kinywa kina dalili nyingine zinazoweza kweli kuelekeza macho tumboni, ingawa hazizungumziwi. Meno ya mbele ya juu yaliyolika upande wa ndani, unaoelekea ulimi, yanaweza kuwa yanachomwa na tindikali inayopanda au kwa kutapika mara kwa mara. Ulimi laini unaouma na pembe za mdomo zilizopasuka zinaweza kutokana na upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12, na H. pylori wa muda mrefu anahusishwa na vyote viwili. Na wakati wa tiba yenyewe, ladha ya chuma kinywani ni athari inayojulikana ya klarithromisini na metronidazo. Dawa yenye bismuthi inaweza kuufanya ulimi na choo kuwa vyeusi, jambo lisilo na madhara. Choo cheusi kama lami kwa mtu asiyetumia bismuthi wala vidonge vya madini ya chuma ni suala jingine: kinaweza kuwa damu, na kinahitaji hospitali siku hiyohiyo, sawa na kutapika damu.

Vikombe, busu na dawa ya kusukutua

Haya hayahitaji maneno mengi. Dawa ya kusukutua haifiki ndani ya ute wa tumbo, hivyo haiwezi kutibu maambukizi ya humo. Busu kati ya watu wazima si njia kuu. Wengi walishampata bakteria huyu utotoni kabla hawajajua busu ni nini, na yule asiye naye akishakuwa mtu mzima haambukizwi kirahisi. Kutenga vikombe vilivyooshwa kwa sabuni hakuna faida inayojulikana. Mswaki usishirikishwe na mtu, lakini hilo lilikuwa kweli hata kabla ya H. pylori kugunduliwa.

Kabla ya kulaumu kinywa

Maambukizi yasipoisha baada ya dawa, kinywa kimekuwa mshukiwa anayependwa. Washukiwa halisi wako karibu zaidi. Tiba ni mchanganyiko: dawa ya kupunguza tindikali pamoja na antibayotiki mbili au zaidi, wakati mwingine na bismuthi, mara nyingi kwa siku 14. Vidonge ni vingi, vinatia kichefuchefu, na watu huacha wakipata nafuu siku ya tano. La pili ni usugu: bakteria wengi hawasikii tena klarithromisini, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliwaweka H. pylori sugu kwa dawa hiyo kwenye orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka.

La tatu ni kipimo cha kuthibitisha kilichofanywa vibaya. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na bakteria, na hizo hubaki kwa miezi au miaka baada ya bakteria kufa, hivyo kitaendelea kusema "chanya" kwa mtu aliyepona. Kinachofaa ni kipimo cha pumzi au cha choo kinachotafuta chembe za bakteria mwenyewe, angalau wiki nne baada ya kumaliza antibayotiki, na dawa za kupunguza tindikali kama omeprazo ziwe zimesimamishwa wiki mbili kabla. Zisiposimamishwa, bakteria hupungua kiasi cha kutoonekana na unapewa "hasi" isiyo ya kweli.

Kipimo kilichofanywa sawasawa kikionyesha bado yupo miezi michache baada ya dawa, mara nyingi ni yuleyule ambaye hakuuawa, wala hajaletwa upya na mwenza. Duru ya pili ya matibabu hubadilishwa dawa, na daktari atataka kujua ni antibayotiki zipi ulizowahi kutumia miaka ya nyuma, hata zile za kifua au za jino, kwa sababu klarithromisini iliyoshindwa mara moja kwa kawaida hairudiwi.